Dire Straits: Love Over Gold au Brothers in Arms? Na mbona kanda yangu haifanani na ya kwenye simu?

bintiKihonda

Habari zenu wakuu. Nimenunua redio kaseti ya mtumba, muuzaji akanipa na mfuko wa kanda za zamani kama nyongeza. Nyingi ni kwaya na taarabu, ila kuna moja ya dakika 90 imeandikwa kwa mkono kwa kalamu ya bluu: upande wa kwanza LOVE OVER GOLD, wa pili BROTHERS IN ARMS. Dire Straits, ile bendi ya Uingereza, nilikuwa nawajua kwa Sultans of Swing tu, ule ambao kila baba mwenye gari anaupiga. Sasa nimenasa. Nikirudi kazini ni hiyo kanda, nikipika ni hiyo kanda, mpaka mwenzangu tunayepanga naye ameanza kununa.

Nina maswali mawili. La kwanza, kati ya albamu hizi ipi mnaiona kali zaidi? Mimi nayumba. Upande wa kwanza una uzito, unataka utulie usikilize. Wa pili unaingia wenyewe hata ukiwa unafua.

La pili ndilo linaniumiza kichwa. Nimezitafuta albamu hizo hizo kwenye simu nizisikilize kwenye daladala, nikakuta Brothers in Arms ya simu siyo ya kanda. Why Worry ya kanda inaisha mapema, ya simu inaendelea kama dakika tatu zaidi, hakuna kuimba, ni gitaa na kinanda tu. Money for Nothing nayo ni ndefu kuliko ninavyoijua. Halafu wimbo wa mwisho, huo wenye jina la albamu, kwenye kanda unakatwa ghafla gitaa likiwa katikati ya kulia. Na upande wa kwanza, baada ya It Never Rains, kuna wimbo mmoja wa kuchangamka, wa kucheza twist kabisa, ambao kwenye albamu ya simu haupo. Kanda yangu ni feki au?

jirani_wa_baa

Una kanda za kwaya na taarabu mfuko mzima unahangaika na wazungu wa nini dada? Haya, nimekaa pembeni nasoma.

dereva_masafa

Brothers in Arms, mjadala umefungwa.

Tuongee kwa namba. Albamu ilitoka Mei 1985, ikakaa namba moja Uingereza wiki 14, Marekani wiki 9. Ndiyo albamu ya kwanza duniani kuuza nakala milioni moja kwa sidii (CD). Jumla ya mauzo yake inapita milioni 30. Love Over Gold ya 1982 nayo ilishika namba moja Uingereza, sikatai, lakini Marekani iliishia namba 19. Na ina nyimbo tano. TANO! Mtu unalipa hela ya albamu unapewa nyimbo tano?

Mimi ni wa lori, Dar–Tunduma. So Far Away, Walk of Life, Money for Nothing, hizo ndizo zinazokufikisha Makambako bila kusinzia. Ukiweka Telegraph Road ya dakika 14, unaingia mizani unatoka, jamaa bado hajafungua mdomo kuimba.

Na mwaka ule walikuwa moto kweli. Tarehe 13 Julai 1985 kwenye Live Aid, lile onyesho la kuchangia njaa ya Ethiopia, walipiga uwanja wa Wembley, London, pamoja na mwimbaji Sting, wakashuka jukwaani wakaenda ukumbi wa jirani hapo hapo Wembley kupiga onyesho lao wenyewe usiku ule ule. Bendi gani ya leo inaweza?

FundiKaseti_Tanga

Binti, kanda yako si feki. Hiyo ni kazi ya fundi, na kwa unavyoieleza alikuwa fundi makini. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda Ngamiani, miaka ya themanini. Deki mbili, santuri zimepangwa ukutani, mteja anachagua, anaacha kanda tupu na hela, anarudi kesho yake. Santuri za wazungu tulikuwa tunazipata kwa mabaharia na kwa watu wanaotoka Mombasa. Kwa hiyo naanza na swali lako la pili, hilo la kwanza lina maneno mengi.

Brothers in Arms ilitengenezwa kwa kuilenga sidii. Sidii ilikuwa kitu kipya wakati ule na inabeba muda mwingi kuliko santuri. Albamu nzima kwa sidii ni kama dakika 55. Ukibana dakika 55 kwenye santuri moja, mifereji inakuwa myembamba, sauti inapungua nguvu, besi inakufa. Walichofanya ni kufupisha nyimbo za upande A kwa ajili ya santuri. So Far Away ikatoka dakika 5 na kidogo ikawa kama 4. Money for Nothing kutoka 8 na nusu ikawa 7. Your Latest Trick kutoka 6 na nusu ikawa chini ya 5. Why Worry ndiyo iliyochinjwa zaidi, kutoka 8 na nusu hadi 5 na sekunde kadhaa. Upande B haukuguswa. Simu yako inapiga toleo la sidii, kanda yako ilichukuliwa kutoka kwenye santuri. Basi.

Hiyo ya kukatika mwisho nayo ni hesabu. Kanda ya 90 ina dakika 45 kila upande. Love Over Gold nzima ni dakika 41, inaingia na nafasi inabaki. Brothers in Arms ya santuri, pamoja na kufupishwa, ni dakika 47 na nusu. Ukiirekodi mfululizo upande mmoja, mkanda unaisha kabla ya wimbo, na wimbo wa mwisho ndio huo. Wateja walikuwa wanalalamika, tunawaambia nunua kanda mbili za 60, wanasema hela hawana. Wengine tuliwashauri One World iachwe nje, ni dakika tatu na nusu na hakuna atakayeililia. Mteja aliyerekodiwa kanda yako inaelekea alikataa.

Na huo wa twist ni Twisting by the Pool, wa 1983. Haumo kwenye albamu yoyote kati ya hizo. Upande wa kwanza ulibakiza kama dakika nne, na fundi anayejiheshimu hamwachii mteja dakika nne za ukimya. Wimbo huo ni dakika tatu na nusu. Umeona hesabu ilivyokaa?

Sasa ipi kali.

Dereva kaja na namba za mauzo, mimi nitazungumzia wapiga dramu, maana tofauti ya albamu hizi inaanzia hapo. Kwenye Love Over Gold dramu anapiga Pick Withers, yule wa tangu albamu ya kwanza. Withers hapigi kwa nguvu, anajua kunyamaza. Chukua Private Investigations. Gitaa la nyuzi za nailoni, Mark Knopfler, mwimbaji na mpiga gitaa wao, anazungumza zaidi kuliko kuimba, marimba ya Mike Mainieri iko kwa mbali. Halafu katikati kila kitu kinaondoka, inabaki besi ya John Illsley inatembea kama mtu anayenyata kwenye korido, na wewe hujui lini gitaa la umeme litalipuka. Wimbo wa namna ile ulifika namba mbili Uingereza! Nimeushika kwa spika za kila aina, ukimya wake haujawahi kunichosha.

Withers aliondoka baada ya albamu hiyo. Akaja Terry Williams, mzuri sana jukwaani, sikiliza Alchemy, albamu yao ya jukwaani iliyorekodiwa Hammersmith, London, mwaka 1983 utamwelewa. Lakini walipokwenda kurekodi Brothers in Arms kule kisiwa cha Montserrat, kwenye studio ya George Martin, yule mtayarishaji wa Beatles, dramu za Williams hazikuwaridhisha. Wakamwita Omar Hakim, Mmarekani aliyekuwa na bendi ya jazi ya Weather Report, akazirudia karibu zote. Kilichobaki cha Williams ni ule mngurumo wa mwanzo wa Money for Nothing. Hakim ni fundi, simvunjii heshima, ila aliletwa kujaza kazi iliyokwisha kupangwa. Kwenye Telegraph Road unasikia bendi inaongeza mwendo yenyewe kwa yenyewe. Zile dakika za mwisho gitaa linakimbia, dramu inalifukuza, piano ya Alan Clark iko katikati yao. Kitu kile hakipatikani kwa mtu aliyeitwa juzi.

Na Telegraph Road si ndefu bure, dereva. Mtu mmoja anakuja na mzigo mgongoni porini, anatua, anajenga kibanda. Wanakuja wengine, kanisa, shule, mawakili, treni, migodi. Halafu kazi zinaisha, viwanda vinafungwa, inabaki barabara iliyojaa magari ya watu wanaorudi nyumbani. Barabara yenyewe ipo kweli, Michigan, inapita Detroit. Knopfler alikuwa kwenye basi la bendi anasoma riwaya ya Knut Hamsun ya mtu aliyefungua shamba nyikani, akachungulia dirishani. Mji mzima kwa dakika 14, mbona ni haraka! Mimi nimeishi Tanga. Nimeona viwanda vikiwaka na nimeviona vikizima, sihitaji kutafsiriwa wimbo ule.

Lakini sitaki kuionea Brothers in Arms. Upande A ule umetengenezwa uuze, na umeuza. Money for Nothing ina sauti ya gitaa ambayo hata wao hawakuweza kuirudia. Fundi mitambo wao, Neil Dorfsman, alikuwa anapanga maikrofoni mbele ya spika. Moja ikawa imeinamia sakafu, nyingine haijakaa sawa. Kabla hajazirekebisha, waliokuwa chumba cha mitambo wakasikia ile sauti, wakamwambia acha hivyo hivyo. Nampenda fundi anayejua wakati wa kutogusa.

Upande B ndio ninaoutetea. Geuza santuri: Ride Across the River, mamluki na mpiganaji wa msituni wanavuka mto ule ule kila mmoja na sababu yake. The Man's Too Strong, mzee wa vita anaungama na bado ana kiburi. Kisha Brothers in Arms yenyewe, iliyoandikwa kwa sababu ya vita vya Falkland vya 1982. Hapo hakuna haraka, hakuna televisheni, nafasi ni kubwa kati ya sauti na sauti. Ni Love Over Gold inaendelea, ila safari hii mada ni vita badala ya kazi. Nilikuwa na wateja waliorudi kutoka Kagera, Kiingereza chao cha kuombea maji. Walikuwa hawachagui Walk of Life. Walikuwa wanataka ule wa mwisho, na ndio hao waliokuwa wanagomba kanda ikikata.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi: Love Over Gold yote, kisha Brothers in Arms upande B. Upande A mpe dereva.

jirani_wa_baa

Nimeiweka hiyo Telegraph Road hapa kijiweni kwa heshima ya mzee. Mwanzo wake kimya mpaka mhudumu akaja kuuliza kama umeme umekatika.

dereva_masafa

Mzee shikamoo, umeandika mambo mazito, nimesoma mara mbili. Ila Your Latest Trick iko upande A, na lile saksafoni la Michael Brecker silitoi kwa mtu. Hapo umepita kimya kimya kama hujaona.

FundiKaseti_Tanga

Marahaba. Nimeliona. Ni wimbo mzuri uliokaa mtaa usio wake.

nyuzi_sita_Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nimepigia wageni gitaa kwenye mahoteli ya pwani miaka mingi, nichangie upande wa vidole maana naona hamjaugusa.

Knopfler hapigi kwa kile kibao cha plastiki, anapiga kwa dole gumba na vidole viwili. Na ni mtu wa mkono wa kushoto anayepiga gitaa la mkono wa kulia, kwa hivyo mkono wenye nguvu ndio unaobonyeza nyuzi. Ndiyo maana akizivuta zile noti zinalia vile. Kwetu huku jambo la vidole si geni. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alikuwa akifanya gitaa moja lisikike kama mawili kwa dole gumba na kidole cha shahada tu. Sikiza zile rekodi alizochukuliwa na Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Tena anaimba Kiswahili. Mwanafunzi akija kwangu anataka Dire Straits, namwanzisha na Mwenda. Akishaachanisha gumba na vidole, nusu ya safari imekwisha.

Sasa kwa mpigaji, albamu hizi zina mitihani tofauti. Love Over Gold inakutaka uwe na magitaa mawili mkononi, la nailoni na la umeme, na uwe na subira. Wimbo wenye jina la albamu ni mgumu kuliko unavyosikika, kila kishikio kinapita kwenda kingine na hapana pa kujificha. Brothers in Arms, wimbo wenyewe, noti ni chache mno. Vijana huniambia, mwalimu huu ni rahisi. Nawaambia haya, piga. Wanaweka noti zote pahala pake na haitoki, maana kazi yote iko kwenye kidole kidogo cha mguu! Sifanyi mzaha. Knopfler ana pedali ya sauti, anaipiga noti sauti ikiwa imefungwa ndipo anaipandisha kwa mguu, usisikie ukucha ukigusa waya, usikie sauti tu inakuja. Mguu ukiwa mzito umeharibu.

Mgeni akiomba Dire Straits hotelini huwa ni Walk of Life au Sultans. Katika miaka yote hiyo aliyeniomba Love Over Gold ni mzee mmoja wa Kinorwe, na nilipomaliza aliagiza meza yetu chakula. Kura yangu ni hiyo hiyo.

bintiKihonda

Shikamooni wazee. Sikutegemea hata kidogo kama kuna mtu atajua kwa nini dakika nne zile zimejazwa. Nimekwenda kuhesabu kwa saa ya simu, imekaa vile vile.

Mzee FundiKaseti, nikuulize kidogo. Je, wewe unapenda Why Worry ipi, fupi au ndefu? Na nikitaka santuri yenyewe, nikinunua hizi mpya zinazotengenezwa sasa nitapata ile fupi au ile ya sidii? Na je, ninaweza kuendelea kupiga kanda hii kila siku au naiua?

FundiKaseti_Tanga

Marahaba binti. Why Worry napenda ndefu. Maneno ni ya kumbembeleza mtu, na huwezi kumbembeleza mtu ukaondoka mbio, zile dakika tatu za mwisho za gitaa na kinanda ndizo zinazombembeleza hasa. Money for Nothing kinyume chake, ya santuri inatosha. Ile ya sidii inazunguka mno mwishoni.

Santuri: matoleo mengi ya miaka hii yametolewa kwa sahani mbili ndipo nyimbo zikae kwa urefu wa sidii. Za mwaka 1985 ni sahani moja, nyimbo fupi. Angalia kwenye jalada, kama ni sahani mbili umepata ndefu. Usitishwe na muuzaji anayesema ya zamani ndiyo "kamili". Hii albamu ilirekodiwa kidijitali tangu mwanzo, kwa mashine ya Sony ya njia 24, hakuna siri iliyojificha kwenye sahani ya zamani. Love Over Gold ndiyo ya kuitafuta ya zamani kama unaweza. Ile ilipigwa New York, studio ya Power Station, na ukumbi wenyewe unausikia kwenye dramu.

Kanda: mkanda wa 90 ni mwembamba kuliko wa 60, unavutika. Usiupeleke mbele na nyuma kwa kasi, acha ucheze mpaka mwisho kisha geuza. Ukianza kusikia sauti inayumba kwenye zile noti ndefu za piano, simamisha, fungua mlango, futa kichwa kinachosoma mkanda na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba yenye spiriti, uache ikauke kabla ya kurudisha kanda. Na vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda leo hii, kabla mwenzako aliyenuna hajabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi.